SOMO: Mgodi wa makaa ya mawe uko juu ya mfereji wenu? Andikisheni maji yenu mapema

Habari zenu wakuu. Mimi nalima mpunga na mboga bondeni huku Ruvuma, mfereji wetu walichimba babu zetu kwa jembe la mkono. Mgodi ulipofunguliwa kule juu hatukushtuka, tukasema maji ni yetu toka enzi. Kiangazi kimoja maji yakapungua mpaka majaruba ya mwisho yakapasuka nyufa unaingiza kiganja kizima, tukaenda kulalamika, na tukaulizwa maswali mawili tu: kibali chenu kiko wapi, na kabla ya mgodi mlikuwa mnapata lita ngapi? Watu kumi na nne tulikuwa pale na hakuna aliyejibu, wenzetu wa mgodi walikuja na faili. Tokea siku ile nimejifunza haya, naomba myasome yote.

HATUA YA 1: Jua sheria inasema nini
Kwa Tanzania sheria ya kushika ni ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009. Inasema maji yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo kumiliki shamba sio kumiliki mto unaopita pembeni. Maji ya ndoo ya nyumbani hayaombewi kibali, lakini ukiweka banio (kizuizi cha kugeuza maji yaingie mferejini) na kupeleka maji shambani inabidi uwe nacho (wazee bado wanaita wota raiti, ndio hicho hicho). Kipaumbele cha kwanza ni maji ya watu kunywa na kutumia nyumbani, halafu mto wenyewe ubakiziwe maji ya kuishi, ndio zinafuata shughuli za uchumi. Hapo wengi wanapotea, kilimo na mgodi wote wapo kwenye hilo fungu la mwisho, hakuna mahali mkulima anapita mbele eti kwa sababu analima chakula. Ila haki ya kimila inatambuliwa na ina uzito sawa na kibali, shida ni kwamba isipoandikishwa mtaithibitishaje?

HATUA YA 2: Undeni jumuiya
Mtu mmoja mmoja hamtafika. Undeni Jumuiya ya Watumia Maji, muwe na viongozi, katiba, na daftari la zamu za maji. Hilo daftari msilidharau, ndilo linaonyesha nani alimwagilia lini na ekari ngapi.

HATUA YA 3: Pimeni maji yenu, hii ndiyo roho ya somo
Haihitaji mtaalamu. Chagueni kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10, pigilieni kijiti kila mwisho. Pimeni upana na kina cha maji sehemu tatu, mchukue wastani. Halafu chukua chungwa bichi, lidondoshe katikati juu kidogo ya kijiti cha kwanza, mwenye simu aanze kuhesabu sekunde likipita hapo na asimamishe likifika kijiti cha pili. Chungwa ni zuri kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi kama chupa tupu. Rudieni mara tano.

Mfano wetu: upana sm 60, kina sm 20, chungwa lilitumia sekunde 25. Tukiweka kwa mita, 0.6 mara 0.2 ni 0.12. Mita 10 gawa kwa 25 ni 0.4, ndiyo mwendo wa maji kwa sekunde. Zidisha 0.12 kwa 0.4 unapata 0.048, sasa zidisha na 0.8 kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosugua udongo, inakuja kama mita za ujazo 0.038, yaani lita 38 kwa sekunde. Fanyeni kila mwezi tarehe ile ile, muandike na mvua ilivyokuwa, maana bila hivyo mtaambiwa ni ukame tu. Chemchemi na visima pia pimeni, mgodi ukichimba chini unapampu maji shimoni ili pakauke, na maji ya ardhini ya jirani yanaweza kushuka hata kama mto hawajaugusa.

HATUA YA 4: Angalieni ubora
Makaa mengi yana madini ya salfa na chuma ndani yake, yakifukuliwa yakakutana na hewa na maji yanatoa tindikali. Dalili yake mawe ya mfereji yanavaa utelezi wa rangi ya kutu. Lakini msidanganywe na maji meupe, ya tindikali kali yanaweza kuwa maangavu kabisa! Nunueni vikaratasi vya kupimia pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi). Maji ya kumwagilia kwa kawaida yawe kati ya 6.5 na 8.4, mkiona 5 au 4 pelekeni sampuli maabara ya ubora wa maji ya serikali, na wakati wa kuchota awepo mtendaji wa kijiji asaini.

HATUA YA 5: Bodi ya Maji ya Bonde
Hii ndiyo ofisi ya kuombea kibali cha maji. Nchi ina mabonde 9, sisi wa kuelekea ziwani tupo Bonde la Ziwa Nyasa. Kwenye maombi andikeni chanzo, jipiesi ya banio (namba za mahali lilipo, simu inazitoa), ekari, zao, miezi ya kumwagilia na lita mlizopima. Kila karatasi mnayopeleka bakini na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Hapo hapo ulizeni kuhusu mgodi: kutumia maji ni kibali kimoja, kumwaga maji machafu ni kibali kingine, ombeni kujua kama vyote vipo na masharti yake.

MASWALI

Swali (Ludewa): Kaka asante sana. Sisi makaa yapo ila uchimbaji wenyewe bado, tusubiri?
Jibu: Msisubiri hata wiki dada yangu. Vipimo vya kabla ya mgodi ndivyo vyenye nguvu kuliko vyote. Wakija watu wa tathmini ya mazingira nendeni mkutanoni wengi, mseme mifereji yenu ihesabiwe, na msitoke mpaka iandikwe kwenye muhtasari.

Swali: Mkuu, wamechimba mpaka karibu na jaruba langu na mfereji umefukiwa, nadai wapi?
Jibu: Pole sana ndugu. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa yako ya maandishi kabla hajafanya kazi ndani ya mita 50 kutoka shamba lililolimwa au lenye mazao, na mita 200 kutoka nyumba. Fidia pia ipo kwa mazao na miundombinu iliyoharibika, kwa hiyo mfereji utaje kama kitu peke yake, usiuache umezwe ndani ya bei ya ardhi. Piga picha leo kabla hawajasawazisha, halafu tafuta msaada wa kisheria.

Swali: Sisi tunalima vinyungu (bustani za bondeni penye unyevu) mtoni kabisa, tukilalamika si watatugeukia?
Jibu: Mama, wanaweza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na inatubana sisi kama inavyowabana wao. Ongeeni na ofisi ya bonde mapema, rudisheni kilimo nyuma taratibu na mpande miti ya asili pale ukingoni. Sisi tumesogea, iliuma kwa sababu ndiyo ardhi yenye rutuba, ila sasa barua yetu haina pa kushikiwa.

Swali: pH yetu ni 4.5, tukimwaga chokaa mfereji mzima itasaidia?
Jibu: Chokaa inapunguza tindikali ndio, lakini chuma kinaganda kinakuwa tope la rangi ya machungwa na linaziba mfereji, na kesho maji mengine yanakuja yale yale. Kazi hiyo ifanyike kule juu kwenye mabwawa ya mgodi kabla maji hayajatoka. Kwa sasa fungeni banio, msimwagilie miche na hayo maji, sampuli ikaondoke kesho asubuhi.

Swali: Hilo chungwa hata limao linafaa?
Jibu: Linafaa, ila mkianza na limao endeleeni na limao miezi yote ili vipimo vilingane.