Jinsi ya kupima mapigo ya moyo nyumbani na kutambua yanapokwenda kombo

Mgonjwa akiniambia moyo unamwenda mbio, kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni kama unagonga kwa mpangilio au unarukaruka. Hilo unaweza kulijua mwenyewe nyumbani, kwa vidole viwili na saa yenye mshale wa sekunde.

Ila mtu akizimia, akibanwa na kifua, akikosa pumzi, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla, usikae kuhesabu. Mkimbize hospitali.

Hatua ya 1: Utafute mshipa. Kaa utulie dakika 5, bila kahawa, sigara wala miraa kabla yake. Geuza kiganja kitazame juu. Weka kidole cha shahada na cha kati chini ya kifundo cha mkono, upande wa gumba, kwenye kibonde kati ya mfupa na kano. Usitumie gumba, maana lina mapigo yake na litakuchanganya. Usikandamize pia; mshipa ukibanwa sana hupotea.

Hatua ya 2: Sikiliza mpangilio kabla ya kuhesabu. Hapa usiwe na haraka. Mapigo yakiongezeka kidogo unapovuta pumzi na kupungua unapoitoa, hasa kwa kijana, ni kawaida. Pigo moja likiruka kisha likaja jingine lenye nguvu, mara nyingi halina madhara, ingawa likijirudia sana ni vizuri ukapimwe.

Ninachokihofia ni mapigo yasiyo na mpangilio wowote, mengine mazito mengine hafifu, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama humo, huganda, na bonge likipanda kwenye ubongo huleta kiharusi. Wala si ugonjwa wa wazee pekee. Huku kwetu huwapata hata vijana ambao valvu za moyo, yaani milango ya kupitishia damu, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Hatua ya 3: Hesabu sekunde 60 kamili. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hakufai mapigo yakiwa ya kurukaruka. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Homa, upungufu wa damu na ujauzito huyapandisha. Mwanamichezo anaweza kuwa chini ya 60 na akawa mzima kabisa. Yakizidi 150 umekaa tu na hayashuki, au yakiwa chini ya 40 pamoja na kizunguzungu, nenda hospitali.

Hatua ya 4: Andika. Tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, idadi, mpangilio, yalidumu muda gani, na kama yalianza ghafla au taratibu. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, huonyesha moyo wa dakika ile tu unapopimwa. Wengi hufika moyo umeshatulia, wakaambiwa hawana kitu. Daftari ndilo litakalomfanya daktari afikirie kukufunga mashine ya kurekodi mapigo saa 24.

Hatua ya 5: Jaribu kuyatuliza, kama tu daktari ameshathibitisha kuwa yako ni mapigo ya kasi ya ghafla, na amekuruhusu. Kaa nusu umeegemea, puliza kwa nguvu ndani ya bomba tupu la sindano la ml 10, bila sindano yenyewe, kwa sekunde 15, kiasi cha kusogeza kisukumio. Kisha lala chali, mtu akuinue miguu sekunde 15. Kamwe usijikande shingo.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiiache kwa kuwa amepata nafuu, wala asiogope mchicha na kisamvu: ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kujinunulia dukani ndiyo ya kuiepuka, kwa sababu ikikutana na warfarini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni.