Simu Inajizima na Kujiwasha Yenyewe: Pitia Haya Kabla ya Kuiflashi

Mteja akiniwekea simu mezani na kusema "inajizima na kujiwasha yenyewe", kabla ya kuigusa namuuliza: wakati gani? Ikiwa mfukoni? Ukifungua kamera? Ikiwa kwenye chaji? Au kila baada ya dakika chache, hata ikiwa imelala tu? Nawe iangalie simu yako kwa siku moja, uandike unachokiona, ndipo uanze.

Hatua ya 1: Okoa vilivyomo

Usiiruke hatua hii. Mama mmoja aliniletea simu iliyokwisha kuflashiwa (kufutwa na kuwekewa programu upya) kwingine, na bado ilikuwa inajizima. Tatizo lilikuwa betri. Picha za mazishi ya mumewe zilifutika bure, na sikuwa na namna ya kumrudishia. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kama simu inawaka dakika chache tu, iache kwenye chaji, hamisha picha na namba za watu, kisha fanya bakapu ya WhatsApp. Andika pia Gmail yako na nenosiri lake. Wengi tulifunguliwa Gmail na muuza simu dukani, wala hatuikumbuki. Simu ya Android ikifutwa kwa kubana vitufe, ikiwaka itaidai Gmail hiyohiyo, na usipokuwa nayo itabaki imefungwa.

Hatua ya 2: Vua kava, toa memori kadi na laini

Simu nyingi za Android hujiwasha upya kitufe cha pawa kikibanwa kwa sekunde kumi hivi, ndivyo zilivyoundwa. Basi kava linalokikandamiza kitufe, au vumbi na jasho vilivyokinatisha, vinatosha kukusumbua wiki nzima. Kibonyeze mara kadhaa: kinapaswa kurudi juu chenyewe. Kikinata, kisugue kwa mswaki mkavu. Memori kadi mbovu nayo huweza kuiangusha simu, kwa hiyo kaa bila hiyo nusu siku uone.

Hatua ya 3: Pima betri

Simu nyingi ninazopokea huishia hapa, hasa zilizotumika miaka miwili au mitatu. Utaijua betri iliyochoka: simu inazima ikiwa na asilimia 30 au 40, na ukichomeka chaja inakuonyesha asilimia zilezile. Inazima ukifungua kamera, au ukipiga simu mahali ambapo mtandao ni hafifu, maana hapo inavuta umeme mwingi ili iufikie mnara. Betri kuukuu haiwezi kutoa umeme huo kwa mkupuo. Volti zinaporomoka na simu inajikata. Ndiyo maana mita ya volti peke yake hudanganya. Betri ikiwa imetulia itasoma volti 3.8, ukaiona nzima, kumbe ikibebeshwa kazi inaanguka.

Ijaribu hivi: chaji mpaka asilimia 60, rekodi video huku taa ya kamera ikiwaka. Ikizima, rudia ukiwa umechomeka chaja. Ikistahimili kwenye chaja na kuanguka bila chaja, badilisha betri. Kwa iPhone, angalia afya ya betri kwenye mipangilio. Ikishuka chini ya asilimia 80, Apple wenyewe huihesabu imechakaa. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilikiri kwamba ilikuwa inazipunguzia kasi iPhone zenye betri kuukuu ili zisijizime ghafla.

Ilaze simu kwenye kioo bapa. Ikizunguka kama pia, au mfuniko umeinuka, betri imevimba. Usiichaji tena, usiibonyeze, usiitoboe.

Kama inasumbua ikiwa kwenye chaji tu, azima chaja na waya vingine kabla ya kuilaumu simu.

Hatua ya 4: Washa hali salama

Kwenye Android nyingi, bana kitufe cha pawa, kisha likandamize neno la kuzima mpaka simu ikuulize kuhusu hali salama. Humo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Simu ikitulia siku nzima, mkosaji ni mojawapo. Futa ulizoweka karibuni, moja baada ya nyingine. Punguza pia video kama hifadhi imejaa, na usasishe mfumo.

Jiulize ulibadilisha nini siku ilipoanza. Mwaka 2020 picha moja ya ziwa, ikiwekwa kwenye skrini, ilizifanya baadhi ya simu za Android 10 zijiwashe bila kukoma, kwa sababu tu ya jinsi rangi zake zilivyohifadhiwa.

Hatua ya 5: iPhone ya kila dakika tatu

Ikijiwasha kila baada ya dakika tatu hivi, usikimbilie kuifuta. Mara nyingi kuna sensa (kifaa kidogo cha kupimia kilichomo ndani ya simu) isiyojibu, na mfumo umechoka kuisubiri. Fungua Settings, Privacy & Security, Analytics & Improvements, kisha Analytics Data, utafute faili linaloanza na "panic-full". Ukikuta humo "missing sensor" na "prs0", fundi aanze kukagua mkanda wa tundu la chaji.

Hatua ya 6: Fundi

Kama simu ilianguka au iliingia maji, hasa ya bahari, izime na uipeleke leo. Chumvi inaendelea kuila bodi hata ikikauka, na kuifukia simu kwenye mchele hakutoi chumvi. Kama inagandia kwenye logo na haifiki hata hali salama, hapo kuiflashi kuna maana. Mwambie fundi ulichoandika, na umwombe ajaribu betri nyingine mbele yako kabla ya kugusa programu.