Kuunganisha kipima kina na GPS ya boti, hatua kwa hatua

Wakuu, juzi nimemaliza boti ya faiba pale Deep Sea, Tanga, nahodha akaniomba niandike nilivyofanya. Kipima kina chake kilikuwa chini kushoto, GPS juu kulia. Maji ya bamvua yakikupwa, akipita karibu na miamba, shingo haitulii. Sasa kina anakisoma palepale kwenye ramani.

Hatua ya 1. Zima umeme, chomoa fyuzi.

Hatua ya 2. Soma kitabu cha kila chombo ujue kinatumia NMEA ipi, yaani lugha ya vyombo vya boti ya kupeana habari. NMEA 2000 ni waya mnene wenye plagi: miisho yote miwili ya waya mkuu iwe na kizuizi cha omu 120. Pima kwa multimita umeme ukiwa umezimwa. Ukipata kama omu 60, endelea. NMEA 0183 ni vijiwaya, na ndiyo tuliyokuwa nayo.

Hatua ya 3. Waya wa kutoa A wa kipima kina uingie kwenye wa kupokea A wa GPS, B kwa B. Msiamini rangi, kila kampuni ina zake. Mimi niliwahi kufunga kutoa kwa kutoa, nikashinda asubuhi nzima natazama vistari mahali pa namba. Piga lehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa moto. Waya wa kusokota na tepu, chumvi huugeuza kijani.

Hatua ya 4. Pande zote weka kasi ya mawasiliano 4800 (biti kwa sekunde), ruhusu sentensi ya DPT, yaani ujumbe unaobeba kina.

Hatua ya 5. Hii msiiruke, nawaomba. Transdyusa, kile kihisi cha kipima kina kilicho chini ya boti, hupima kuanzia pale ilipo. Mkuku ukiwa nusu mita chini yake, andika -0.5 kwenye marekebisho ya kina (offset). Hapo 2.4 ya transdyusa ni 1.9 tu chini ya mkuku, na mwamba hausamehe nusu mita.

Swali: Fundi, AIS yangu, ile ya kutambua meli zilizo karibu, inatumia mlango huohuo wa GPS. Nifunge pamoja?
Jibu: Usifunge, kaka. Vyombo viwili haviwezi kusema kwenye sikio moja bila maltipleksa, kifaa cha kuchanganya ishara zao, tena AIS huenda kasi 38400. Tafuta mlango wa pili.

Swali: Nikikimbiza boti namba inapotea, nikipunguza inarudi. Waya?
Jibu: Kama inapotea kwenye vioo vyote viwili, waya hauna kosa. Ni mapovu yanapita chini ya transdyusa. Ishushe kidogo, isogeze mbali na panga la injini, kisha ujaribu tena kabla hujafungua waya wowote.