SOMO: Presha ya macho, na namna ya kutia tone likaingia

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia hii. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini, nina presha ya macho mwaka wa tisa sasa, na baba yangu tulimzika Ujiji akiwa haoni kwa ugonjwa huohuo.

Kwanza uelewe. Ndani ya jicho kuna maji (siyo machozi) yanayotengenezwa muda wote na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikibana, presha inapanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo ukifa ndiyo basi. Mara nyingi huumwi popote. Uwezo wa kuona unaanza kuliwa pembeni, katikati inabaki mwisho, ndiyo maana mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano bila shida huku bodaboda naiona ikiwa imeshanifika puani. Presha ya damu ni ugonjwa mwingine, usichanganye.

Hatua ya 1. Ukifika miaka 40 nenda kliniki ya macho. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, usisubiri hiyo 40.

Hatua ya 2. Uliza umepimwa nini. Namba ya presha kwa kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini kuna mwenye 17 na mshipa unakufa, na mwenye 24 mshipa wake mzima. Kwa hiyo daktari auchungulie mshipa wenyewe nyuma ya jicho, na ikiwezekana upimwe upana wa kuona. Namba zako ziandike kwenye daftari, kila jicho na yake. Mafaili hupotea. Langu limepotea mara mbili.

Hatua ya 3. Una pumu, au mapigo ya moyo ya polepole? Sema KABLA hujaandikiwa dawa. Timolol, dawa mojawapo ya presha ya macho, ni tone la jicho lakini inafika kwenye damu, na inaweza kukubana kifua.

Hatua ya 4. Kutia tone. Hapa ndipo nilipoharibu. Miezi minane nilisimama mbele ya kioo, shingo juu, nikabonyeza matone matatu manne "yasikose", kisha nikapepesa. Dawa ikashuka shavuni mpaka kwenye kola. Chupa ya mwezi ikawa inaisha siku ya 12, zilizobaki nasubiri hela. Kliniki namba haishuki, nikamwambia daktari dawa zake feki. Hakubishana. Alinipa chupa akasema, "Hebu tia nione." Nilipomaliza alinipa kitambaa nijifute shavu. Niliona aibu mpaka leo.

Fanya hivi. Nawa mikono, lala chali. Vuta kope la chini lifanye kimfuko. Tone MOJA humo ndani, jicho halibebi zaidi ya hapo. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Funga jicho taratibu, usipepese, bonyeza kona ya ndani pale karibu na pua kwa dakika 2. Ukisikia uchungu kooni ujue dawa imepitia puani, hukubonyeza sawasawa. Kama una dawa mbili acha dakika 5 katikati, la sivyo ya pili inaisukuma ya kwanza nje. NA USIACHE kwa sababu "naona vizuri". Matone hayarudishi kilichokwenda, yanalinda kilichobaki.

Hatua ya 5. Rudi tarehe uliyopangiwa.

Dharura: jicho jekundu linauma sana, kichwa, kutapika, taa unaiona imezungukwa na duara za rangi. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

MASWALI

Mchapakazi: Mkuu, dawa gani inaponesha kabisa?
Jibu: Hujasoma. Hakuna.

Mchapakazi: Na operesheni je?
Jibu: Inashusha presha. Hairudishi macho. Unachanganya na mtoto wa jicho. Ule ukitolewa mtu anaona tena.

Dagaa Mkavu: Kuna mzee anatibu kwa asali. Nyie wa hospitali mnapenda kutisha watu.
Jibu: Mimi wa hospitali gani, nashona suruali. Asali ya Tabora naipenda, kwenye chai. Baba alitiwa asali mwaka mzima. Nimeshasema tulimzika vipi.

Binti wa Kasulu: Shikamoo fundi. Mama ameandikiwa latanoprost, boksi linasema friji, sisi hatuna. Na Ramadhani itakuwaje?
Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Friji ni kwa chupa ambayo haijafunguliwa, kwa hiyo mnunulie moja moja, msirundike. Ikishafunguliwa inakaa nje mahali pa baridi, mbali na jua na jiko, kwa wiki 4 hadi 6 kama boksi linavyosema, kisha inatupwa hata ikibaki. Andikeni tarehe ya kufungua juu ya chupa. Hiyo ni mara moja kwa siku, usiku, kwa hiyo Ramadhani haimgusi. Mimi timolol ni mara mbili: natia baada ya daku, tena baada ya futari. Na wewe mwenyewe ukapimwe, ni mama yako huyo.

Mama Wawili: Mwanangu macho yanamwasha kila mara, namnunulia matone ya deksamethazoni duka la dawa, yanamtuliza haraka. Yanahusiana na hili?
Jibu: Dada, yanahusiana sana, asante kwa kuuliza. Dawa za jamii hiyo zikitumika muda mrefu bila kupimwa zinaweza kupandisha presha ya jicho, hata kwa mtoto. Mpeleke kliniki wiki hii na chupa yenyewe mkononi.

Mchapakazi: Haya nimesoma. Baba ana chupa mbili zinafanana, usiku anazichanganya.
Jibu: Sasa hilo ndilo swali. Ya asubuhi ifunge uzi shingoni, fundo moja. Ya usiku mafundo mawili. Anapapasa tu, hahitaji taa.

Mchapakazi: Uzi wowote?
Jibu: Wa pamba. Wa nailoni unateleza.