SOMO: Programu ya zamani ya DOS inakataa kuwaka kwenye kompyuta mpya ("Runtime error 200")

Wakuu, hasa makarani wa vyama vya msingi vya tumbaku hapa Tabora ambao bado mnatunza kilo na malipo ya wakulima kwenye programu iliyoandikwa kwa Turbo Pascal (lugha ya zamani ya kuandikia programu): kompyuta ya zamani ikifa mkaweka ya kasi, programu huzimika palepale na maneno hayo. Usipige Windows upya, usifute faili lolote. Data ni nzima.

Sababu ni saa. Programu inapoamka, kabla ya mstari wake wa kwanza, sehemu iitwayo Crt hupima kasi ya kompyuta. Huzungusha hesabu tupu kwa mdundo mmoja wa saa ya ndani, milisekunde 55 hivi, kisha hugawa idadi ya mizunguko kwa 55. Jibu lazima lienee kwenye biti 16, mwisho 65,535. Mizunguko ikizidi kama milioni 3.6 jibu halienei, prosesa inagoma, na programu inaripoti kugawa kwa sifuri ingawa sifuri haipo. Ndiyo maana ilienda vizuri kwenye Pentium ya MHz 133 na inakufa kwenye Pentium II ya MHz 300.

1. Nakili folda nzima kwenye flashi. Hili lisirukwe, msimu wa masoko hausubiri mtu.

2. Nakili folda hiyo tena kwenye kompyuta mpya, tuseme C:\TUMBAKU, kisha weka DOSBox 0.74-3, programu inayoigiza kompyuta ya zamani ya DOS. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za DOS za biti 16, kwa hiyo huko huna namna bila kitu cha aina hii.

3. Fungua faili la mipangilio (DOSBox 0.74-3 Options kwenye menyu ya Start). Tafuta mstari wa cycles (kasi ya kompyuta hiyo ya kuigiza), uandike:
cycles=fixed 20000
Usiweke max (kasi yote). Kwenye mashine yenye nguvu, max inaweza kurudisha kosa lilelile.

4. Mwisho kabisa wa faili, chini ya autoexec (amri zinazojiendesha DOSBox inapofunguka), ongeza:
mount c c:\tumbaku
c:
Hifadhi, fungua DOSBox, andika jina la programu.

5. Ripoti ikichelewa, Ctrl+F12 huongeza kasi kwa asilimia 10. Ctrl+F11 huipunguza kwa 20. Namba inaonekana juu ya dirisha. Ukipata inayokufaa, iandike kwenye mipangilio.

Mwenye Windows ya biti 32 anaweza kutibu faili la EXE (faili la programu) lenyewe kwa TPPATCH, kiraka cha kosa hili, ila afanye kwenye nakala. EXE iliyobanwa kwa PKLITE au LZEXE lazima ifunguliwe kwanza, la sivyo kiraka hakipati pa kushika.

MASWALI

Urambo: Yangu iliandikwa kwa Clipper, lugha nyingine, inasema R6003. Nitumie TPPATCH?
Jibu: Hapana, hiyo ni ya Turbo Pascal tu. Ugonjwa ni wa ukoo mmoja lakini; hatua 1 hadi 5 zinakufaa.

Kigoma: Ya kwangu haizimiki, ila ujumbe wa onyo unapita kabla sijausoma.
Jibu: Aliyeiandika alisubirisha kwa kuhesabu namba tu bila kutazama saa. Shusha hadi cycles 3000, kisha panda taratibu.

Nzega: Risiti hazitoki kwenye printa.
Jibu: DOSBox ya kawaida haichapishi. Tumia DOSBox-X, ina mlango wa printa. Au programu ikiruhusu, toa ripoti kama faili, uichapishe kwa Notepad. Faili jipya kutoka nje lisipoonekana ndani ya DOSBox, bonyeza Ctrl+F4.

Sikonge: Tuko makarani wawili, tufungue folda moja kupitia mtandao?
Jibu: Msifanye hivyo, ndugu. DOSBox ya kawaida haifungi rekodi mmoja anapoiandika, mwingine ataandika juu yake na fahirisi (faili za kutafutia rekodi) zitavurugika. Mmoja aingize, mwingine ahakiki kwenye karatasi.