Kuchagua baiskeli nyepesi za matembezi ya familia: anza na ya mtoto

Familia inapoamua kununua baiskeli za kutembea pamoja siku za mapumziko, kwa kawaida wazazi hujichagulia kwanza, kisha mtoto hutafutiwa yoyote inayolingana na fedha zilizobaki. Ninapendekeza utaratibu huo ugeuzwe. Mwendo wa msafara wa familia hupangwa na aliye mdogo kuliko wote, na uzito wa baiskeli humlemea yeye kuliko mwingine yeyote. Mtu mzima wa kilo 75 anayeendesha baiskeli ya kilo 13 anasukuma chuma kisichofika sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mtoto wa kilo 22 aliyepewa baiskeli ya kilo 11 anasukuma nusu nzima ya uzito wake. Kwa muda mrefu binti yangu alikuwa akishuka kwenye baiskeli kila tulipofika chini ya mwinuko, hata ule mfupi, nami nikadhani ni uvivu, hadi siku nilipoipima baiskeli yake na kukuta ina uzito unaokaribia wa kwangu.

Kupima ni rahisi. Panda juu ya mizani ya nyumbani ukiwa umeinua baiskeli, soma kilo, kisha utoe uzito wako mwenyewe. Ukiwa dukani bila mizani, shika bomba la juu la fremu na uinue baiskeli mbili au tatu za ukubwa mmoja, moja baada ya nyingine, nawe utahisi tofauti mara moja. Mwache na mtoto ainue yake: asipoweza kuiinua kutoka chini baada ya kuanguka, baiskeli hiyo ni nzito mno kwake, hata kama rangi yake imemvutia.

Kwa watu wazima na vijana wakubwa, baiskeli ya haibridi ndiyo inayofaa zaidi kwa matembezi ya namna hii. Ni mseto wa baiskeli ya barabarani na ya milimani: ina magurudumu makubwa yanayoandikwa 700C, usukani ulionyooka unaomwezesha mwendeshaji kukaa wima na kuona mbali, na tairi zenye upana wa milimita 32 hadi 45, ambazo hupita vizuri kwenye lami na pia kwenye njia ya udongo ulioshindiliwa. Zenye fremu ya alumini kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 10 hadi 14. Tofauti hiyo ya kilo nne haitokani na fremu peke yake. Mara nyingi imejificha kwenye uma wa mbele, yaani sehemu inayoshika gurudumu la mbele, ukiwa na springi, ambao huongeza kilo moja hadi mbili, na ule wa bei nafuu hulainisha njia kidogo sana kuliko tairi pana iliyojazwa upepo kwa kiasi. Kwa hiyo chagua uma usio na springi na tairi ya milimita 38 au 40, usijaze upepo hadi kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na mikono yako haitachoka.

Usitafute wepesi kwa kuondoa vitu vya lazima. Karia, taa, kengele na vikinga matope vina uzito, lakini karia ndiyo itakayobeba maji na sweta za watoto, na bila karia mzigo huo utakaa mgongoni mwako. Breki nazo zisipunguzwe ubora kwa ajili ya gramu chache. Breki za diski hushika vizuri zaidi kwenye mvua, ingawa breki za rimu zilizorekebishwa sawasawa ni nyepesi, na fundi yeyote anazimudu.

Katika gia, usiangalie idadi bali angalia iliyo laini kuliko zote. Ikiwa gia ya mbele ina meno 38 na kubwa ya nyuma ina meno 34, kila mzunguko mmoja wa pedali huisogeza baiskeli ya 700C kama mita 2.5, kiasi kinachotosha kupanda miinuko ya kawaida. Ikiwa utavuta kigari cha mtoto, au kumbeba mtoto kwenye kiti cha nyuma, tafuta gia ya mbele yenye meno 30 au pungufu.

Ukubwa ndipo wazazi wengi wanapokosea, kwa kununua baiskeli kubwa ili mtoto aikulie. Baiskeli ya namna hiyo humtia hofu katika miezi ileile anayojifunza. Mtoto asimame akiwa amepitisha miguu pande mbili za bomba la juu, nyayo zote zikiwa chini, na kubaki na nafasi ya sentimita tatu au zaidi. Kwa anayejifunza, kiti kishushwe hadi ncha za miguu yote miwili ziguse ardhi. Kwa mtu mzima, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka, ili ukihamishia pedali chini ya sehemu pana ya unyayo, goti libaki limekunjika kidogo. Angalia pia vidole vya mtoto kwenye mkono wa breki. Breki nyingi zina skrubu ndogo ya kuusogeza mkono huo karibu na usukani, na mizunguko michache tu hutosha kumpa mtoto uwezo wa kusimama anapotaka.

Kofia ya kinga ikae bapa, vidole viwili juu ya nyusi, na mikanda yake ikutane chini kidogo ya sikio.

Safari ya kwanza iwe fupi. Kilomita tano za njia tambarare, mbali na magari, zinatosha. Mtoto atangulie na mtu mzima amfuate, kwa sababu aliye mbele hawezi kumwona mtoto aliyesimama nyuma yake. Mkiwa watu wazima wawili, mmoja aongoze na mwingine afunge msafara. Siku ya upepo, anzeni kwa kuukabili ili uwasukume wakati wa kurudi, na mgeuke kurudi mtoto angali na nguvu, maana njia ya kurudi ni ndefu ileile.

Nyaya za breki na za gia za baiskeli mpya hulegea katika wiki chache za kwanza, kwa hiyo baada ya safari tatu au nne irudishe kwa fundi azikaze, akague spoki, na apandishe kiti cha mtoto kidogo ikiwa sasa anaanza kuondoka bila kuyumba.