Jinsi ya kula salama kwenye ndege ya safari ndefu ukiwa na mzio wa chakula

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye akila karanga, korosho, ufuta, maziwa, mayai, samaki au kamba, midomo inavimba, pumzi inabana au anaanguka. Kama maziwa yanakujaza gesi tu, una usumbufu, si mzio, na hatua nyingine unaweza kuziruka. Nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege kwa miaka, kwa hiyo nitaeleza pia yanayofanyika nyuma ya pazia la jiko. Nitatumia mfano wa safari wanayoifanya wengi wetu: Dar es Salaam au Nairobi hadi Doha au Dubai, kisha Ulaya au Marekani. Kipande cha Doha hadi Washington peke yake ni takribani saa 14.

Nianze na msimamo wangu: mlo maalumu wa ndege ni ombi, hakuna anayekupa dhamana. Panga safari yako kana kwamba hautakuja. Ukija, hesabu ni nyongeza.

Hatua ya 1: Dawa kwanza, tiketi baadaye

Muombe daktari barua kwa Kiingereza. Iseme una mzio wa nini, dawa yako ni ipi kwa jina la kitaalamu (adrenalini, ambayo Marekani huitwa epinefrini), na kwamba dawa hiyo lazima ikae nawe ndani ya ndege. Kalamu ya adrenalini, ile sindano ya kujidunga yenye dozi yake tayari, ni adimu kwenye maduka yetu ya dawa, hivyo usisubiri wiki ya safari ndipo uanze kuitafuta. Beba mbili, na usome tarehe ya mwisho ya matumizi. Dozi zilizozoeleka ni miligramu 0.3 kwa mtu mzima na 0.15 kwa mtoto mdogo, lakini daktari ndiye aamue. Tangu 2024 ipo pia ya kupuliza puani, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya.

Dawa hiyo haiingii kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, wala kwenye lile la juu ya kichwa. Inakaa mfukoni au kwenye pochi chini ya kiti cha mbele. Ndege nyingi kubwa zina kisanduku cha dharura chenye adrenalini, lakini mara nyingi ni ile ya kichupa inayohitaji mtu anayejua kuivuta kwa bomba la sindano na kukadiria dozi. Ukibahatika, yuko daktari miongoni mwa abiria.

Na vidonge vya setirizini? Vibebe, vinatuliza mwasho na vipele. Koo likianza kufunga au presha ikishuka, havikuokoi.

Hatua ya 2: Omba mlo, na ujue unaomba nini

Milo maalumu ina alama za herufi nne. Mashirika mengi hutaka ombi angalau saa 24 kabla ya kuruka, mengine saa 48. Watu wengi wanateleza hapa, kwa sababu wanachagua jina lililo karibu na tatizo lao badala ya kuuliza ndani mna nini:

- GFML haina gluteni, yaani protini ya ngano na shayiri. Inaweza kuwa na lozi au korosho.
- VGML haina nyama, maziwa wala mayai. Lakini jiko linaloondoa maziwa mara nyingi hutafuta utamu kwenye njugu za aina mbalimbali na ufuta.
- AVML ni ya mboga kwa mapishi ya Kihindi. Mchuzi wake mzito mara nyingi umetokana na korosho zilizosagwa, au una krimu.
- NLML ni ya laktosi (sukari ya maziwa) kidogo. Kidogo! Mwenye mzio wa protini ya maziwa asiitegemee.
- MOML ni ya halali. Haihusiani kabisa na mzio.

Kwa mzio wa karanga au ufuta, mashirika mengi hayana mlo wenye uhakika, na huandika wazi kwenye tovuti zao kwamba hayawezi kuahidi ndege isiyo na karanga. Yasome masharti hayo kabla ya kulipa. Ukikatiwa tiketi na wakala, usiridhike na "nimeshaweka". Piga simu mwenyewe kwa shirika linalorusha ndege. Tiketi inaweza kuwa na jina la shirika moja na ndege ikawa ya jingine, na ombi likapotelea katikati. Ndege ikibadilishwa au safari ikiahirishwa, piga tena.

Hatua ya 3: Pika nyumbani

Hii ndiyo hatua inayokulinda kuliko zote. Funga chakula kikavu kinacholika baridi: chapati, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, ndizi, mkate uliouoka mwenyewe. Wali na nyama vinaharibika haraka, visikae zaidi ya saa mbili bila ubaridi, kwa hiyo kama lazima uvibebe, vimalize ukiwa bado unasubiri uwanjani. Fungasha cha kutosha safari nzima pamoja na kuchelewa. Usitegemee kupashiwa chakula: wahudumu wengi hawaruhusiwi kuingiza chakula cha abiria kwenye oveni au friji ya ndege, na hata wangeruhusiwa, oveni ile imepasha sahani za watu wengine.

Uji, mtindi, mchuzi na siagi za kupaka huhesabiwa vimiminika, na sheria ya mililita 100 kwa kila chombo kwenye begi la mkononi inavihusu. Chakula cha mtoto mchanga na dawa huwa na msamaha, ila vionyeshe kwa maafisa mapema. Kabla ya kutua, chakula kilichobaki kimalize au kitupe. Umoja wa Ulaya hauruhusu nyama wala maziwa kutoka kwetu, na Marekani inataka utaje kila chakula ulichobeba.

Hatua ya 4: Usishawishike uwanjani

Julai 2016 msichana wa Kiingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate wenye kijazo katika uwanja wa Heathrow akielekea Nice. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga, na haukutajwa kwenye kifungashio. Alidungwa kalamu mbili, akafariki siku hiyohiyo. Kifo chake ndicho kilicholeta sheria iliyoanza Uingereza Oktoba 2021, inayolazimisha chakula kinachofungashwa dukani kuandikwa viungo vyake vyote.

Viwanja vya Ghuba vimejaa vyakula vizuri vyenye hatari iliyojificha. Humusi ina tahina, ambayo ni ufuta. Baklava ina pistachio au jozi. Halua ya Kiomani tunayoijua pwani mara nyingi ina lozi au korosho. Ukiwa na kiu, nunua maji ya chupa. Ukila, kula ulichobeba.

Hatua ya 5: Mlangoni na kwenye kiti

Mwambie mhudumu wa kwanza mlangoni, kisha umwambie anayehudumia safu yako, maana huyo wa mlangoni huenda akawa wa upande mwingine wa ndege. Kadi ndogo ya Kiingereza, na ya Kiarabu kama unapita Ghuba, inasaidia kelele zikizidi. Sema kwa utulivu una mzio wa nini na kalamu iko wapi. Usiombe ndege nzima isile karanga, omba majirani zako wa karibu waelezwe. Wengi wanakubali.

Halafu futa. Meza, mikono ya kiti, kifungo cha mkanda, skrini na rimoti, kwa waipsi za kawaida. Sanitaiza peke yake haiondoi protini ya karanga mikononi, sabuni na waipsi zinaiondoa. Wengi huogopa hewa ya ndege, lakini mapitio ya utafiti yaliyofanyika kwa ajili ya mamlaka ya anga ya Uingereza hayakupata ushahidi kwamba karanga husambaa kupitia mfumo wa hewa. Hofu yako ielekeze kwenye meza aliyolia chakula abiria aliyekutangulia.

Hatua ya 6: Trei ikifika

Angalia stika: namba ya kiti na herufi nne. Kisha vichunguze vile vidogo, kwa sababu jiko hukumbuka kubadilisha sahani kuu na husahau vya kando: mkate wenye ufuta juu, mchuzi wa saladi, keki ndogo. Vyenye karatasi ya viungo, soma. Visivyo nayo, acha. Usitoe korosho kwa uma ukala kilichobaki. Mlo wa pili na vitafunio vya usiku ndipo alama maalumu hupotea zaidi, na taa huwa zimezimwa.

Hatua ya 7: Mwili ukianza kukataa

Bonyeza kengele mara moja. Usinyanyuke kwenda chooni kujiangalia, hata kama unaona aibu kutapika mbele ya watu. Ukisimama ghafla wakati presha inashuka unaweza kuzimia na kufa, na mlango umefungwa.

Pumzi ikibana, sauti ikikwama, kizunguzungu kikija, au vipele vikiambatana na kutapika, dunga upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo. Lala chali miguu ikiwa juu, kwenye viti au sakafuni. Kama kupumua ni kugumu, kaa huku miguu umeinyoosha. Dakika tano zikipita bila nafuu, dunga ya pili. Rubani ndiye anayeamua kutua njiani, na katikati ya Atlantiki uwanja unaweza kuwa saa kadhaa mbele. Ndiyo maana nimesema mbili, na kwa safari hizo muulize daktari kama tatu zinafaa.

Hatua ya 8: Kurudi

Ombi la mlo la kwenda mara nyingi haliifuati tiketi ya kurudi, likague upya. Kalamu ukiitumia, nunua nyingine hukohuko kwa ile barua ya daktari au kwa daktari wa huko. Na jiko utakalopikia safari ya kurudi si lako, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako akuachie sufuria usiku wa kuamkia safari.